Nyoka mwenye sumu karibu na nyumba: umwache, uite mkamataji, umuue au umzibie njia?

Kuku wakipiga kelele usiku wa manane, anayeamka kwanza huwa hana muda wa kufikiri. Anashika tochi, anashika kilicho karibu, anatoka peku. Mimi nimewahi kuwa mtu huyo. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa, kuku wote wamejibana kona moja, na kwenye kiota cha kutagia kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kimejikunja kama mpira wa kumwagilia. Nilipokimulika kikainua kichwa na kutanua shingo. Alikuwa swila. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake, jembe mkononi, sijui kama nipige, nirudi nyuma au niite watu.

Nilirudi nyuma taratibu, nikaacha mlango wazi. Kulipokucha hakuwepo, wala mayai hayakuwepo. Kwa usiku ule nilichagua sawa. Lakini wiki mbili baadaye alirudi yeye au mwenzake, kwa sababu tundu lililo chini ya ukuta wa banda lilikuwa palepale na panya walikuwa palepale.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maswali ni mawili, na watu wengi tunayachanganya. Lipo swali la dakika hii, nyoka akiwa mbele yako. Lipo na swali la msimu mzima, nyoka akiwa haonekani. Njia inayojibu la kwanza vizuri inaweza isijibu la pili hata kidogo. Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama katikati yao.

Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya wanaokufa. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Wanaoumia zaidi ni watu wa mashambani: wakulima, wachungaji na watoto.

Tupime kwa vipimo gani

Kila njia nitaiuliza mambo manne.

Umbali: inaniweka mbali kiasi gani na meno yake? Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza, maana nyoka asiyefikiwa hawezi kuuma.

Kudumu: inanisaidia leo tu, au mwezi ujao pia?

Gharama: inadai muda, nguvu, vifaa na watu gani?

Kinachobaki: ikishatumika, inaacha nini nyuma? Panya walioongezeka? Sumu kisimani? Kosa la kisheria? Kichwa kilichokatwa ambacho mtoto atakiokota?

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu tabia, kwa sababu nyoka wote si wamoja. Koboko na swila wana mbio, na wakiona njia ya kutokea kwa kawaida huichukua. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hategemei mbio. Anategemea rangi yake, analala kimya kwenye majani makavu au pembeni mwa njia, na unaweza kumkanyaga akiwa hajasogea hata kidole. Kraiti wa Asia Kusini huingia nyumbani usiku na kuuma watu waliolala chini, wakati mwingine bila maumivu ya kumwamsha mtu. Kumtambua ni jambo jema, ila usisogee ili umtambue. Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa ana sumu na uamue ukiwa mbali.

Njia ya kwanza: kumwacha aende zake

Umbali. Hapa njia hii haina mpinzani. Nyoka wengi hurusha kichwa umbali wa theluthi moja hadi nusu ya urefu wa mwili wao. Wa mita mbili, basi, hukufikia karibu mita moja. Ukikaa mita tano au zaidi, meno yake hayakuhusu. Swila wanaotema mate ni habari nyingine kidogo: sumu yao hufika mita mbili na zaidi, na hulenga macho. Hatua zangu tatu za usiku ule hazikutosha.

Kumwacha si kumsahau. Watoto na mbwa waingie ndani. Mtu mzima mmoja abaki akimwangalia kutoka mbali, kwa sababu nyoka uliyempoteza machoni anatisha kuliko unayemwona. Usipige kelele ukidhani utamfukuza. Yeye husikia zaidi mitetemo ya ardhi kupitia taya zake, na ukikanyagakanyaga karibu naye unaweza kumfanya ajikunje badala ya kuondoka. Mpe utulivu na upande mmoja ulio wazi.

Akiwa chumbani chenye mlango wa nje, funga milango ya ndani, sukumia nguo nzito chini ya kila mlango, fungua wa nje, kisha ondokeni. Kabla ya kutoka, mwaga majivu laini au vumbi kwenye kizingiti, ukiweza kufanya hivyo ukiwa mbali naye. Akitoka ataacha mfuo wa mwili wake. Usipouona mfuo, bado yumo.

Kudumu. Kidogo sana. Kama alivutwa na panya au kivuli, atarudi au atakuja mwingine.

Gharama. Subira tu. Ila subira ni ngumu nyumba ikiwa na watoto wanaolia.

Kinachobaki. Hakuna kilichoharibika. Nyoka anaendelea kula panya, na hujavunja sheria yoyote.

Inamfaa nani? Aliyemkuta nyoka uani, shambani, njiani au ukingoni mwa nyasi, akiwa na pa kukimbilia. Haimfai aliyemkuta chini ya kitanda cha mtoto, wala aliyemkuta kifutu kwenye njia ya kuelekea chooni, kwa kuwa kifutu anaweza kulala pale kutwa nzima.

Njia ya pili: kumwita mkamataji aliyefunzwa

Umbali. Wewe unabaki mbali, na anayesogea ana vifaa: ndoano ndefu, koleo la kushikia, chombo chenye mfuniko unaobana, buti ndefu na miwani ya kukinga macho. Tazama vifaa hivyo kabla ya kumtazama mtu. Anayekuja mikono mitupu, akamshika nyoka shingoni na kumwinua ili apigwe picha, huyo si mtaalamu hata kama amefanya hivyo mara mia. Mwambie asubiri au aondoke.

Kudumu. Nyoka huyo anaondolewa, lakini nafasi aliyoiacha inabaki wazi. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Watafiti waliofungia nyoka vifaa vya redio na kuwahamishia mbali wamekuta mara nyingi kwamba nyoka hao hutangatanga kuliko wenyeji wa hapo, na wengi zaidi hufa, kwa kuwa hawajui maficho wala mawindo ya mahali papya. Akiachiliwa karibu sana, naye anaweza kurejea. Mkamataji mzuri hutafuta pa kati, mahali penye mazingira yaleyale na pasipo nyumba. Muulize atamwachia wapi. Jibu lake litakuonyesha anaijua kazi au la.

Gharama. Kubwa kuliko zote ni muda wa kungoja. Akifika baada ya nusu saa, njia hii ni bora. Akifika baada ya saa nne, nyoka atakuwa ameshaingia darini au ameshaondoka, na mkamataji atakuta hadithi tu. Ndiyo maana namba yake inatakiwa iwe kwenye simu kabla nyoka hajaonekana. Sehemu nyingine wamerahisisha hilo. Katika jimbo la Kerala, India, Idara ya Misitu ina programu ya simu iitwayo SARPA, inayomwunganisha mwananchi na wakamataji waliofunzwa. Kwingine ni afisa wanyamapori, zimamoto, au kijana mmoja mwaminifu aliyepata mafunzo.

Kinachobaki. Karibu hakuna, na mara nyingi kuna faida: mkamataji mzuri hukuonyesha alikopitia nyoka. Mfuate, mwulize, kagua naye nyumba nzima. Dakika kumi hizo zina thamani kuliko kukamata kwenyewe.

Inamfaa nani? Nyumba ambayo nyoka amejificha ndani, darini, stoo au nyuma ya kabati, na msaada uko karibu. Inafaa pia pale nyoka mwenyewe ni mkubwa au mwepesi kama koboko, ambaye hakuna mtu wa kawaida anayepaswa kumsogelea.

Njia ya tatu: kumuua

Sitamlaumu mtu aliyemuua nyoka kwenye chumba cha watoto, usiku, bila mlango wa pili na bila jirani. Kuna saa ambazo njia nyingine zote zimefungwa. Ila tuipime kwa vipimo vilevile.

Umbali. Ndiyo njia inayokupeleka karibu zaidi, na inakupeleka kwa nyoka aliyeshakasirika. Mpini wa jembe una urefu wa mita moja na kitu. Mkono ukiwa umeinama kupiga, kichwa chako na mapaja yako yamo ndani ya eneo analoweza kufika nyoka wa mita mbili. Pigo la kwanza lisipomvunja mgongo, la pili ni mashindano. Akiwa mtema mate, anakulenga macho wakati wewe unamlenga kichwa.

Na akifa bado hajakwisha. Misuli ya kichwa kilichokatwa huweza kufunga taya na kusukuma sumu kwa muda mrefu, hata saa nzima na zaidi. Mwaka 2018 huko Texas, Marekani, mwanamume mmoja alimkata kichwa nyoka wa kengele bustanini, akainama kuokota mabaki, kichwa kikamuuma. Alihitaji dozi 26 za dawa ya kuzuia sumu. Kwa hiyo kichwa hakiguswi kwa mkono wala kwa mguu. Kisukume kwa koleo ndefu, kizike chini sana, na usimwachie mtoto au mbwa asogee.

Kudumu. Umemwondoa mmoja. Tundu, panya na nyasi ndefu vimebaki kumkaribisha wa pili. Watu husema nyoka wa pili amekuja kulipiza kisasi cha mwenzake. Nyoka hawaishi kwa ndoa ya namna hiyo. Anayekuja baada ya siku chache anafuata chakula kilekile na maficho yaleyale, au ni dume lililofuata harufu ya jike msimu wa kupandana. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu kama ni kisasi huna la kufanya, na kama ni panya unalo.

Gharama. Inaonekana ndogo hadi pigo litakapokosea. Siku za hospitali, kidonda cha miezi, kidole au mguu uliopotea, vyote hivyo viwekwe kwenye mizani. Na wanaochoma kichaka au kumwaga petroli tunduni wahesabu pia nyumba iliyoungua.

Kinachobaki. Panya hupungukiwa na adui. Sheria nayo ina neno: katika nchi nyingi nyoka hulindwa. Nchini India swila analindwa chini ya sheria ya wanyamapori ya 1972, na nchini Australia kumuua nyoka bila sababu ya usalama ni kosa. Ulizia sheria ya kwenu kabla ya siku ya hofu kufika. Kuna na hasara isiyoonekana: wengi wanaouawa hawana sumu. Waliotangulia walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa hofu hiyo nyoka wa nyumba asiye na madhara, mla panya, hupigwa mawe kama koboko.

Inamfaa nani? Mtu mzima, mwenye afya, nyoka akiwa mahali pasipo na njia ya kutoka, hatari kwa watu ikiwa ya papo hapo, na msaada ukiwa hauji. Hata hapo, avae buti na suruali nzito, avae miwani ya aina yoyote, ashike kitu kirefu sana, mwingine ammulikie kutoka nyuma, na watu wote wengine watoke. Haimfai aliyelewa, mtoto, mzee asiyeweza kuruka nyuma, wala mtu aliye peke yake asiye na simu.

Njia ya nne: kumzibia njia na kumnyima sababu ya kuja

Njia hii haina msisimko, ndiyo maana huachwa hadi baada ya msiba. Mimi niliifanya baada ya ziara ya pili ya yule swila, na nimejifunza humo mengi kuliko kwenye tochi na jembe.

Siku ya kwanza nilihamisha kuni zilizoegemea ukuta wa nyuma. Sikuzishika kwa mkono. Nilisimama pembeni nikazivuta moja moja kwa reki yenye mpini mrefu, kutoka juu kwenda chini. Katikati ya rundo lilikuwepo gamba, jepesi kama ganda la kitunguu, limenasa kwenye kipande cha waya. Nililiinua kwa fimbo kulitazama mwangani. Kila kigamba kimejichora, na hata vifuniko viwili vya macho, vya mviringo, vyenye uwazi kama kioo, vilikuwa mahali pake. Nyoka hana kope. Huvua vifuniko hivyo pamoja na ngozi. Alikuwa ameishi pale, hatua chache kutoka dirisha la jikoni, kwa muda wa kutosha kubadili mwili.

Umbali. Ukianza kazi mchana, ukiwa na buti na glovu nene, na ukitumia kifaa kirefu kwa kila kitu unachofunua, hatari ni ndogo ila ipo. Usiingize mkono usipoona. Na usizibe tundu kabla ya kuwa na uhakika kwamba nyoka hayumo. Kumfungia ndani ya ukuta ni kumlazimisha atokee sebuleni.

Kudumu. Hapa ndipo inapozishinda nyingine. Nyoka hutafuta chakula, maji, joto na maficho. Ukianza na chakula, umeanza na panya: nafaka kwenye vyombo vyenye mifuniko inayobana, chakula cha kuku kisilale nje, mayai yaokotwe kila jioni, jalala liwe mbali na nyumba. Maficho yanafuata. Kuni zikae juu ya kichanja cha angalau sentimita thelathini, mbali na ukuta. Mabati ya zamani, matofali na matairi yaondolewe. Nyasi zifyekwe zibaki fupi, ili nyoka anayepita aonekane na yeye mwenyewe ajione yuko wazi. Matawi yanayogusa paa yakatwe, maana wapo nyoka wa mitini ambao paa kwao ni tawi jingine.

Kisha matundu. Nyoka mchanga hupita mahali ambapo huwezi kupitisha kidole. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni milimita sita: tundu lolote linalozidi hapo lizibwe kwa saruji, na matundu ya hewa yawekewe wavu wa waya wenye macho ya ukubwa huo. Chini ya mlango weka kipande cha raba kinachogusa sakafu. Huo mlango ndio wengi husahau.

Gharama. Kazi ya siku mbili au tatu mwanzoni, kisha saa moja kila wiki. Uzio wa kuzuia nyoka ni mzigo mkubwa zaidi: wavu wa macho ya milimita sita, urefu wa sentimita tisini hivi juu ya ardhi, umezikwa sentimita kumi na tano chini, umeinamia nje kiasi cha nyuzi thelathini, na nguzo zake ziwe upande wa ndani ili zisiwe ngazi. Kuuzungushia shamba zima haiwezekani kwa walio wengi. Kuuzungushia mahali watoto wanapochezea inawezekana. Geti likiwa na nafasi chini, uzio wote umekwenda bure.

Kinachobaki. Panya wachache na ua unaoonekana. Angalia tu usipeleke sumu ya panya kila mahali, maana bundi na paka hula panya waliokufa kwayo.

Nalazimika kuongeza kitanda na chandarua hapa, ingawa ni vitu vya chumbani. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba kulala ndani ya chandarua kulipunguza sana hatari ya kuumwa na nyoka. Chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kitanda kilichoinuka na kusogezwa mbali na ukuta, tochi karibu na mto, viatu vinavyokung'utwa kabla ya kuvaliwa. Kinga ileile ya mbu inafanya kazi mbili.

Inamfaa nani? Karibu kila kaya, kabla au baada ya nyoka. Lakini haimfai aliye naye mbele ya macho sasa hivi.

Dawa za kufukuza, na wanyama wa kulinda

Haya mawili nayapitia kwa kifupi kwa sababu watu huyauliza kila mara.

Naftalini na salfa zimejaribiwa mbele ya nyoka, nao wakazivuka. Oili chafu na dizeli huharibu udongo na kuingia kisimani. Vidonge vya naftalini ni hatari kwa mtoto akivimeza, hasa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa huvunja chembe nyekundu za damu. Ukivitazama kwa vipimo vyetu vinne, havikuongezei umbali, havidumu, na vinachobakiza ni kibaya. Zaidi ya yote vinakupa utulivu usio na msingi, ukaanza tena kutoka usiku bila tochi.

Paka hupunguza panya na huua nyoka wadogo, ila naye huumwa, na wakati mwingine huleta ndani nyoka aliye nusu hai. Mbwa hukujulisha, na mara nyingi hulipa kwa uhai wake. Kanga hupiga kelele wakiona kitu kigeni, jambo lenye faida mchana. Wachukulie kama kengele, wasiwe ukuta.

Nguchiro ana sifa kubwa ya kupambana na nyoka, na sifa hiyo iliwahi kuleta hasara. Japani iliwaachia nguchiro huko Okinawa mwaka 1910 na katika kisiwa cha Amami Oshima mwaka 1979 ili wawamalize nyoka waitwao habu. Lakini habu hutembea usiku na nguchiro huwinda mchana. Nguchiro wakawageukia wanyama wa kisiwa, akiwemo sungura wa Amami asiyepatikana kwingine ila huko na kisiwa jirani. Ilichukua hadi Septemba 2024 kutangaza kwamba Amami Oshima imewamaliza nguchiro hao.

Uchague ipi, kwa hali yako

Umemwona uani mchana, ana upande wa kutokea. Mwache, mtazame kutoka mbali hadi apotee, kisha tafuta kilichomleta. Kazi ya njia ya nne ianze wiki hiyohiyo.

Yumo ndani na unamwona, mkamataji yuko karibu. Funga chumba, ziba chini ya mlango, mmoja achungulie dirishani, piga simu. Usimrushie kitu ili "asikimbie". Atakimbilia usipoweza kumfikia.

Yumo ndani, mkamataji hayupo, chumba kina mlango wa nje. Majivu kizingitini, mlango wazi, watu wote nje hadi mfuo uonekane. Mkilazimika kulala kwingine usiku huo, laleni kwingine.

Yumo ndani, hakuna mlango wa nje, hakuna msaada, na kuna mtu asiyeweza kuondolewa, kama mgonjwa kitandani. Hapo ndipo kuua kunapoingia, kwa masharti niliyoyataja, na mtu mzima mmoja tu akisogea.

Ni kifutu amelala njiani. Zuieni njia, wekeni alama, zungukeni. Kwa huyu mkamataji anafaa kuliko subira, hasa kama njia hiyo inapitwa usiku.

Nyoka huonekana kwenu mara kwa mara na mna watoto wadogo. Weka nguvu yako yote kwenye panya, matundu na chandarua, na ukipata uwezo, kwenye uzio wa eneo la kuchezea. Wafundishe watoto jambo moja tu: ukiona nyoka, simama, rudi nyuma, ita mkubwa.

Mnaishi mbali na hospitali. Basi kila njia inayokusogeza karibu na nyoka inapanda gharama. Jua leo ni hospitali ipi huwa na dawa ya kuzuia sumu, na nani ana chombo cha usafiri usiku.

Na kama ameshauma, njia zote nne zinasimama. Usimfuate nyoka. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Laza kiungo kilichoumwa sambamba na ubao au fimbo kisicheze, na mgonjwa asitembee. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza, usiweke barafu wala jiwe jeusi. Akitapika au akilegea kope, mlaze ubavu. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika kumi na tano au zaidi. Pikipiki inatosha kama gari halipo: mgonjwa katikati, mtu mwenye nguvu nyuma yake akimshikilia. Dawa ya kuzuia sumu hutolewa hospitalini tu, kwa sababu yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Kabla ya kuondoka, chora kwa kalamu juu ya ngozi mahali uvimbe ulipofikia na uandike saa. Rudia kila baada ya muda mkiwa njiani. Daktari ataanzia kwenye mistari hiyo.